Digna Alivyotwanga Msibani

Watu wakimkuta mtu asiyeelewa, kitu cha kwanza wanachofanya ni kupaza sauti. Kijiji kizima cha Namawala kilimfanyia hivyo Mzee Kasmiri. Walikuja asubuhi na jioni, wakamwinamia mpaka sikioni, wakapiga kelele "SHIKAMOO MZEE!" kana kwamba yuko ng'ambo ya mto, naye akashtuka kwenye kigoda chake, akajifuta mate shavuni, akasema kwa upole, "Nasikia. Msinipigie kelele, nasikia sana." Wakaondoka wakitikisa vichwa, wakisema masikini mzee, masikio nayo yamekwenda. Mtu pekee aliyemwamini alikuwa mkewe, Digna, na hata yeye ilimchukua muda.

Kasmiri alikuwa kipofu. Alizaliwa upande wa Ulanga, milimani, kwenye vijito vya maji ya kasi wanakozaliana visubi, wale wadudu weusi wadogo wanaouma mchana kutwa, na ugonjwa wa usubi ulimla macho polepole. Alipomuoa Digna alikuwa bado anaona vizuri. Waliteremka pamoja bondeni kutafuta mashamba ya mpunga, wakapata eneo Namawala, wakajenga. Beno, mtoto wao wa kwanza, alimwona akizaliwa. Violeth alipofuata, Kasmiri alikuwa anaona mwanga na kivuli tu, kwa hiyo sura ya binti yake aliijua kwa kuipapasa. Baadaye hata mwanga ulikwisha.

Digna hakulia sana siku zile, hakuwa na nafasi. Alilima yeye, akapanda yeye, akakaa shambani na mjeledi wa kamba mkononi akifukuza ndege, akavuna, akarudi kupika. Kasmiri alibaki nyumbani akisuka majamvi na kupukuchua mahindi, na kazi yake kubwa zaidi ilikuwa kuongea. Alikuwa mtu wa maneno kwelikweli. Redio yake ilizimwa pale tu betri zilipokufa. Aliwajua wapita njia kwa kikohozi na kwa namna wanavyoburuza kandambili, akawaita kwa majina, akawauliza habari mpaka wakajikuta wamekaa. Digna alikuwa akirudi kutoka shambani hoi bin taabani, anaoga, anakaa karibu yake, naye anamsimulia kijiji kizima kama alivyokisikia siku hiyo. Huo ndio uliokuwa utamu wa ndoa yao, na Digna hakujua ni utamu mkubwa kiasi gani mpaka ulipoondoka.

Uliondoka asubuhi moja, redio ikiwa imewashwa. Kasmiri aligeuza kichwa akauliza, "Mbona leo redio inaongea Kisukuma?"

"Kisukuma gani? Si taarifa ya habari hiyo," Digna akamjibu.

Kasmiri akacheka. "Na wewe umejifunza lini?"

Digna naye akacheka, maana mumewe alikuwa mtu wa utani na Wasukuma ni majirani zao wa siku nyingi. Kufika mchana hakuna aliyekuwa anacheka tena. Mdomo wa Kasmiri ulikuwa umepinda kidogo upande mmoja, na kila alichoambiwa alijibu, "Sema vizuri, mke wangu. Unaongea kama maji."

Ilikuwa kiharusi. Mdomo ulinyooka baada ya wiki chache, miguu haikuwa imeguswa, na kuongea aliongea kama zamani, Kiswahili chake kilekile na Kipogoro chake kilekile. Maneno ya watu wengine ndiyo hayakuingia. Jogoo akiwika alijua ni jogoo. Mvua ikianza kwenye bati alisema, "Anueni nguo." Mtu akilia, alijua analia. Ila neno, neno la mtu, lilipita kwake kama mlio usio na mwanzo wala mwisho. Na kipofu huwezi kumwonyesha kwa ishara, huwezi kumwandikia. Kasmiri alikuwa amefungiwa humo ndani, anagonga, na wa nje wanagonga, na hakuna anayemfungulia mwenzake.

Digna alimpeleka hospitali Ifakara. Huko walikutana na Samia, binti mwenye ushungi, mtoto wa wenye maduka waliotoka pwani zamani, aliyekwenda kusomea mambo ya usemi na kusikia akarudi kwao. Alimpima Kasmiri kwa siku mbili, kisha akamkalisha Digna kwenye benchi la nje, penye kivuli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niambie tu, masikio yamekufa?"

"Hapana mama. Masikio mazima, tena yanayashinda ya kwangu. Shida iko ubongoni." Samia alifikiri kidogo, akitafuta pa kuanzia. "Ubongo una mapigo yake, kama moyo, ila ni ya umeme, madogo na mengi. Hivi sasa unavyonisikiliza, mapigo yako yanaifuata sauti yangu. Sauti inapanda na kushuka, silabi kwa silabi, na ubongo wako unajiweka tayari kila silabi inapokaribia kuanza. Ndiyo maana unajua neno hili limeisha na hili linaanza. Mimi mwenyewe sipumziki katikati ya maneno. Nikisema 'tumerudi nyumbani', kuna mahali nimenyamaza?"

Digna aliyasema yale maneno kimoyomoyo, akayarudia. Kweli, hapakuwa na mahali.

"Kwa mzee, kiharusi kimegusa zile sehemu. Sauti inaingia yote, lakini mapigo hayaifuati tena. Kwa hiyo kila kitu kinaungana."

"Anasema tunaongea kama maji."

Samia alimtazama. "Amesema vizuri sana. Ndivyo ilivyo."

"Sisi tukitwanga wawili kwenye kinu kimoja," Digna akasema polepole, "mmoja anapandisha mchi mwenzake anaposhusha. Ukikosea zamu, michi inagongana, hakitwangiki kitu."

"Basi mama, ndicho hicho. Mchi wa mzee umepoteza zamu." Samia akatabasamu, kisha akaacha, kwa sababu macho ya Digna yalikuwa yamejaa machozi. "Dawa ya kumeza sina. Tunaweza kujaribu kumpa mapigo kutoka nje. Ongea naye polepole, silabi mojamoja, na kwa kila silabi mgonge goti. Usipaze sauti, kelele zinazidi kumvuruga. Na pasiwe na watu wengine wanaoongea. Sikuahidi kitu, mama. Hata sisi wenyewe jambo hili bado tunalisoma."

Digna akarudi Namawala na kazi mpya. Alimgonga Kasmiri magoti asubuhi, akamgonga jioni. Ni-mi-mi. Di-gna. Kasmiri alivumilia kwanza, halafu akasema, "Mke wangu, kama nimekukosea niambie, usinipige." Wiki zikapita. Digna akachoka, akaacha, akamkasirikia Samia, akamkasirikia Mungu, akaenda kuungama kwamba amemkasirikia Mungu, na padri akamwambia aendelee.

Siku aliyofanikiwa hakuwa anajaribu kitu chochote. Mpunga siku hizi unapelekwa mashineni, lakini kisamvu hakuna mashine inayokitwanga vizuri, na Digna alikuwa akitwanga cha mchana, amekiweka kinu karibu na kigoda cha Kasmiri kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli. Uji wa Kasmiri ulikuwa kando, haujaguswa. Digna akautazama, hasira zikampanda, akasema huku mchi unashuka, kila silabi na pigo lake, kama wanawake wanavyosema wakiwa kinuni: "U-ji. U-me-po-a."

Kasmiri akainua kichwa. "Basi lete," akasema.

Digna aliachia mchi ukaanguka chini na kisamvu chake. Alikaa palepale mchangani akalia mpaka Kasmiri akaanza kuuliza kuna nini, kuna nini, na alipotaka kumjibu ikabidi kwanza anyanyuke aokote mchi.

Goti peke yake halikutosha. Kinu kilikuwa na mshindo, ardhi ilitetemeka chini ya nyayo za Kasmiri, na ni mshindo alioujua tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Haikuwa rahisi hata hivyo. Sentensi zilitakiwa ziwe fupi. Nyingine zilirudiwa mpaka mikono ya Digna ikauma. Mzee akichoka, au mtu wa tatu akiingiza neno, mambo yaliharibika. Lakini asubuhi, wakiwa wawili, maneno yalipita. Kasmiri akawa anaweka maswali yake tangu jana yake. Mvua imefika wapi? Yule mtoto wa Raimundi amepona? Digna alimtwangia majibu. Majirani wakaanza kutania kwamba nyumba ya Kasmiri wanakula kisamvu mpaka watageuka kijani.

Beno alipokuja mapumziko alitaka kujaribu na yeye. Alikuwa akifanya vibarua vya mpunga upande wa Mngeta, kijana mpana wa mabega, hajaoa, alikuwa amesimamisha kuta za nyumba yake nyuma ya nyumba ya wazazi na anatafuta bati. Alishika mchi vibaya, kama mtu anayechimba choo, wanawake waliopita wakamcheka, lakini alikaza. "Ba-ba. Ni-ta-e-ze-ka." Kasmiri alisikiliza na uso wake wote, akaomba arudie, kisha akasema, "Ezeka haraka, mimi nataka mjukuu." Digna alicheka siku ile kama msichana.

Beno alikufa mwezi wa nne. Njia ilikuwa tope tupu, pikipiki aliyopakiwa iliteleza kwenye kidaraja cha magogo ikaanguka naye kwenye mawe. Digna aliambiwa kwa simu, na mtu asiyemjua, akiwa anapembua mchele.

Maiti ililetwa ndani ya jeneza lililopigiliwa misumari hukohuko, na waliokwenda kuichukua walisema jeneza lisifunguliwe, mama asione. Kwa hiyo hata Kasmiri hakumpapasa mwanawe usoni. Alipapasa mbao. Alijua ni jeneza, nani asiyejua jeneza. Alikuwa amesikia vilio tangu jana yake, na vilio havihitaji kukatwakatwa vipande ili mtu avielewe. "Nani?" aliuliza. "Nani amekufa?"

Watu wakamjibu. Walimjibu wote kwa pamoja, na kwa kuwa hakuelewa, wakapaza sauti. Stanislaus, mdogo wake, alimshika mabega akamlilia sikioni, "NI BENO, KAKA! BENO!" huku wanawake wanalia na kwaya ya jumuiya inaimba. Kasmiri aligeuza kichwa huku na huku, mikono mbele. "Nani? Semeni basi, nani?"

Digna alitolewa kwenye mkeka wa wafiwa akaja kupiga magoti mbele yake. Alimgonga goti. "Be-no," alisema, "Be-no," lakini sauti yake mwenyewe ilikuwa imekatika kwa kulia, na hakuna pigo la mkono wake lililofanana na jingine. Wifi yake Rosa, dada yake Kasmiri aliyetoka Ifakara mjini, akamwondoa mkono. "Mwache kaka yangu, wifi. Haelewi. Labda ni huruma ya Mungu kwamba haelewi."

Kinu kilikuwepo, kimelazwa nyuma ya jiko. Rosa mwenyewe ndiye aliyekilaza. Kwa ukoo wao, nyumba yenye msiba haitwangi mpaka matanga yaanuliwe. Majirani ndio wanaotwanga makwao na kuleta. Mlio wa mchi msibani ni kumwambia marehemu kwamba nyumba imeshiba na haimkumbuki. Digna aliijua mila hiyo, aliifuata kwa baba mkwe na kwa mama mkwe. Alijiambia ni mila inayomzuia. Lakini ukweli ni kwamba alishukuru kuwa na kizuizi. Kumzika Beno alikuwa anaweza, kwa kuwa watu walimshika huku na huku. Kulisema lile neno kwa mikono yake, silabi moja baada ya nyingine, kulisema na kulirudia mpaka liingie, hapo alikuwa haoni atakavyoweza.

Basi Kasmiri akajitafutia mwenyewe. Aliwapapasa watu wake mmojammoja. Mke, yupo. Stanislaus, yupo. Rosa, yupo, alimjua kwa bangili. Watoto hawakuwepo wote wawili. Beno kwa kawaida hakuwepo, yuko Mngeta kwenye kazi, na habari ya msiba lazima imchelewee. Violeth je? Violeth aliolewa Masagati, kule mbele ya Mlimba, alikuwa na mimba kubwa, na Digna mwenyewe ndiye aliyemtwangia wiki mbili kabla kwamba Violeth miguu inamvimba. Kasmiri akajumlisha, akapata jibu lake. Akakaa chini, akafunika uso.

Hakuna aliyejua amefikiri nini mpaka makaburini. Stanislaus alimwekea udongo kiganjani, akamsogeza ukingoni. Kasmiri alisimama kidogo. Kisha akaurusha, na kwa sauti yake ile nzuri iliyozoea kuita wapita njia akasema, "Lala, Violeth mwanangu. Lala na mtoto wako."

Kwaya ikakosea wimbo. Mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba. Kumwita aliye hai kaburini, tena mwenye mimba, si jambo la kusikia masikioni, na wengine walinong'ona kwamba mzee sasa amerukwa na akili. Digna alimtazama mumewe akipangusa udongo kwenye suruali, ametulia, ameshamaliza kumzika binti yake. Akataka kupiga kelele. Akanyamaza, kwa sababu kelele ndiyo iliyokuwa imejaa pale.

Violeth alifika kesho yake mchana, magari yakiwa yamemkwamisha njiani. Alishuka kwenye pikipiki kwa shida, tumbo mbele, akapita katikati ya watu waliokaa kwenye majamvi akaenda moja kwa moja kwa baba yake. Yeye na Beno walikuwa na namna zao za kujitambulisha tangu utotoni: Beno alimshika baba kidole gumba, Violeth alimwekea kiganja kidevuni. Akaweka kiganja kidevuni.

Kasmiri aliganda. Aliushika ule mkono, akapanda nao mpaka begani, akapapasa uso, masikio, mashavu, akateremka mpaka tumboni na mikono yake yote miwili ikabaki pale. Mtoto alicheza ndani, watu waliokuwa karibu walisema baadaye waliona.

"Violeth!" akapiga ukelele. "Violeth yu hai! Mmenidanganya! Nyie watu, acheni kulia, huyu hapa!" Akasimama, akacheka, machozi yanamtoka, akapiga makofi, akawaambia wapishi wawape watu chakula waende makwao, hapa hapana msiba. Alimbusu binti yake kichwani mara nyingi kama kuku anayedonoa. Violeth alikuwa analia, na baba yake alidhani ni furaha. "Digna! Mama Beno! Umeona? Mpigieni Beno simu, aje haraka amwone dada yake!"

Uwanja mzima ukanyamaza kimya. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Digna aliondoka kwenye mkeka. Hakumtazama mtu. Alikwenda nyuma ya jiko, akakiinua kinu, kinu kizito cha mninga, akakiburuza mpaka mbele ya kigoda, akarudi kuchukua mchi. Alipogeuka, Rosa alikuwa amesimama njiani.

"Wifi, usifanye hivyo."

"Nipishe, wifi."

"Mtoto hajamaliza hata siku tatu ardhini. Unataka kumtwangia? Unataka watu waseme nini?"

"Waseme wanachotaka. Wao wanasikia watakachosema." Sauti ya Digna haikuwa kubwa. "Kaka yako anacheka, wifi. Mtazame. Mwanawe amekufa na yeye anacheka, na watu wote hawa wanamwona. Hilo ndilo mila imelitaka?"

Rosa alimgeukia kaka yake. Kasmiri alikuwa amekaa tena, amemshika Violeth mkono, anawaza kwa sauti mjukuu aitwe nani. Rosa akafunika mdomo kwa kanga, akapisha.

Digna aliomba watu wasiseme kitu. Hata watoto walinyamazishwa. Kinu kilikuwa kitupu. Aliinua mchi akaushusha, na mlio wa mchi kwenye kinu kitupu si kama wa kisamvu, ni mkavu na unakwenda mbali. Waliokuwa barabarani walisimama kuangalia ni nani anayetwanga msibani.

Kasmiri alitabasamu, akaelekeza uso. "Naam, mke wangu. Nipe habari."

Digna aliacha mchi upige peke yake kwanza, mpaka alipoona kichwa cha mumewe kimeanza kuufuata, kikiinama kidogo kwa kila pigo. Kisha akasema.

"Be-no."

"Beno, ndiyo. Anakuja lini?"

"Be-no. A-me-fa-ri-ki."

Kasmiri alisubiri. Digna aliona amepata mwanzo, mwisho umempita, na lile tabasamu lilikuwa bado lipo. Akalirudia. Mikono ilimwambia iache, naye akaishurutisha ishuke sawasawa, isiharakishe, isilie, maana ikilia mzee hatapata kitu. A. Me. Fa. Ri. Ki. Akalirudia tena. Kwa kila mara alimuua mtoto wake upya, na alilazimika kufanya hivyo vizuri.

Safari hiyo aliona neno linaingia. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilibaki usoni kidogo kama taa iliyosahauliwa mchana, halafu likazimika. Kasmiri alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaukuta mchi, akaushika.

"Inatosha," alisema. "Nimeelewa."

Miezi mingi Digna alikuwa ameomba kwa Mungu alisikie neno hilo kinywani mwa mumewe.

Hakulia hapo hapo. Alikaa, mkono kwenye mchi, na Digna alijua anafikiri kwa sababu midomo ilikuwa inacheza. Kisha akauachia. "Tuliyemzika jana ni yeye?"

"Ndi-yo."

"Na mimi nilikuwepo."

"Ndi-yo."

"Nikarusha udongo. Nilimwita nani pale, Digna?"

Digna hakuweza kuinua mchi tena. Mikono ilikataa kabisa. Watu wote walikuwa wanatazama chini.

"Nilimwita Violeth," Kasmiri akajijibu. "Nimemzika mwanangu kwa jina la mwenzake. Wanaume wanamwita mtoto wao wa kwanza mara ya mwisho pale kaburini, mimi sikumwita." Ndipo alipolia, kwa sauti kubwa ya mtu mzima, na waliokuwa wamekuja kumfariji waliona hawana la kumfanyia, maana kila walichokijua kumfariji mtu kilikuwa maneno. Violeth alimkumbatia tu. Rosa alipiga magoti akamshika miguu.

Alipoweza kusimama alisema apelekwe. Stanislaus akasema jua linashuka, twende kesho, na Kasmiri, ambaye hakuelewa alichoambiwa, alikuwa ameshaanza kutembea. Digna akamshika upande mmoja, Rosa upande wa pili, Violeth nyuma, wakakata katikati ya mashamba ya mpunga uliokaribia kukomaa.

Kaburi lilikuwa bado bichi, maua ya karatasi yamelowa mvua. Walimpigisha magoti, wakamwekea mkono kwenye udongo. Aliupapasa kuanzia miguuni mpaka kwenye msalaba, taratibu, kama alivyompapasa Violeth, akauzungushia msalaba vidole.

"Beno," akaita. "Beno mwanangu. Ni baba. Jana nilikukosea, nilikuita jina la dada yako. Sikujua. Wewe ni Beno. Unisamehe."

Akabaki ameinamisha kichwa. Digna alipiga magoti ubavuni pake, bega kwa bega. Alikuwa na jibu, alilijua kama anavyojua jina lake: kwamba Beno asingeweza kumkasirikia baba yake, kwamba hakuna cha kusamehe, kwamba mtoto amesikia. Kinu kilikuwa nyumbani. Alimshika mumewe mkono akasema hivyohivyo, kwa sauti ya kawaida, kama zamani walipokuwa wakikaa jioni.

"Amekusikia, baba Beno. Amekusikia."

Kasmiri alimgeuzia uso. "Unasema nini, mke wangu?" akauliza.